Gari ya dizeli ikisita mlimani: nilinunua injekta nne kabla ya kujaribu jerikeni ya shilingi mia tatu

Mara ya kwanza hii gari kunifanyia hivyo nilikuwa napanda kutoka Awasi kwenda Kericho, nyuma nimebeba mchele wa Ahero magunia 18 ya kilo 50, mbele yangu trekta ya miwa inatambaa. Nikaweka indiketa, nikatoka, nikakanyaga mafuta niipite, na gari badala ya kuvuta ikashikwa, kama mtu amekukamata shati kwa nyuma. Sekunde mbili tatu hivi hakuna kitu, alafu ikavuta ghafla, alafu ikakata tena. Na saa hiyo niko upande wa wanaokuja, matatu inashuka taa zote zimewaka. Sijui nilirudi vipi nyuma ya ile trekta. Nikasimama pale kwa wamama wanauza mahindi ya kuchoma, mikono inatetemeka, msichana wangu alikuwa kando yangu akaniuliza mama mbona unalia, na hata sikuwa nimejua nalia.

Naandika hii juu nimekutana na watu wengi sana, wenye pikapu, wenye matatu, hadi mwalimu mmoja wa Njoro, wote wanasema gari yangu ya dizeli inasita, gari inamisi nikikanyaga, gari haina nguvu mlimani, na wote wako njia ile ile niliyopita mimi, ya kununua spea moja baada ya nyingine wakiomba Mungu hii iwe ndiyo. Mimi hiyo njia ilinikula shilingi 117,400 na miezi minne.

Naishi Free Area hapa Nakuru. Kazi yangu ni viazi, natoa Molo napeleka Kibuye pale Kisumu, nikirudi napitia Ahero nachukua mchele wa skimu nauza mtaani. Safari mbili kwa wiki, wiki ikiwa nzuri tatu. Gari ni dabo kebini ya 2011, dizeli lita 2.5, iko na turbo, ile inasukuma hewa zaidi kwa injini, na ni ule mfumo wa reli, yaani kuna pampu kwa injini inasukuma mafuta kwa bomba moja la chuma kwa presha kali sana, alafu injekta zote nne, zile zinanyunyiza mafuta ndani ya injini, zinakunywa kutoka hapo na kompyuta ndiyo inaamua ngapi na saa ngapi. Mpaka siku hiyo ya trekta haikuwa imenisumbua.

Nilipofika Nakuru nikaenda kwa fundi wangu wa miaka yote. Kijana mzuri, ananiheshimu, ananiita mathe, sitamsema vibaya hapa. Akasikia tu nimesema inasita akaniambia filta, mathe, hiyo ni filta. Na kweli kwa dizeli filta ndiyo ya kwanza, hapo hakukosea. Kosa lilikuwa langu, nikatoa mia sita kununua filta ya bei ya chini juu nilikuwa naharakisha soko la Alhamisi. Siku tatu baadaye inasita tena, tukaifungua, ile karatasi ya ndani imeshaanza kuachana na gundi. Nikanunua ya 1,800 ya maana. Kuhusu filta sitaki hata kubishana na mtu siku hizi, nunua ile nzuri, na ukiitoa ya zamani usiitupe, imwage kwa chupa safi ya plastiki ya kuonekana ndani uache itulie nusu saa uangalie chini. Ukiona maji yamekaa chini kama mstari, au uchafu wa rangi ya kutu, hiyo gari inakuambia kitu kuhusu tanki. Yangu iliniambia. Kulikuwa na vumbi jekundu jekundu la kutu chini ya chupa na mimi nikaliangalia, nikasema ai, filta ya zamani lazima iwe na uchafu, nikamwaga.

Baada ya ile filta nzuri gari ikakaa sawa karibu wiki. Nikashukuru Mungu. Alafu nikiwa napanda Sachangwan kutoka Salgaa, jioni, mvua inanyesha, ikarudia na safari hii ikawaka taa ya injini na ikajifunga kabisa, haitaki kupita raundi 2,000 kwa dakika. Wale wanaijua hiyo barabara wanajua vile mtu anaogopa pale. Tangu ile tenka ya mafuta iwake moto Januari 2009 na watu zaidi ya mia wakafa, mimi hupita pale nikiomba. Sasa fikiria uko pale unatambaa kama mgonjwa, matrela yanakupigia honi kwa nyuma, na gari haikusikii. Nikaegesha, nikazima, nikawasha tena, ikaenda kama hakuna kitu kilifanyika. Hiyo ya kuzima na kuwasha inadanganya watu wengi, unafikiri imepona, kumbe kompyuta ilijifunga kulinda injini na ukizima inaanza hesabu upya.

Tukaipeleka kwa mwenye mashine ya kusoma kompyuta, elfu moja mia tano, ikasema P0087. Hiyo namba ya hitilafu maana yake presha ya mafuta kwa reli iko chini kuliko vile kompyuta inataka. Basi. Haisemi ni nini imefanya presha ishuke. Lakini pale gereji kila mtu aliisoma kama jina la spea. Mmoja akasema ni pampu. Mwingine akasema mafuta ni chafu, umewekewa dizeli ya kuchanganywa na mafuta taa. Na hiyo ilinishika akili juu ni kitu kweli kipo, hadi 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili watu waache kuchanganya, na mafuta taa hayana ule ulaini wa kulinda pampu na injekta, yanazisaga polepole. Nikamlaumu mwenye stesheni moja moyoni mwangu bila ushahidi wowote. Nikalipa 3,000 wamwage tanki waoshe, mafuta ya karibu lita 25 nikapeana, nikajaza tanki mpaka juu kwa stesheni nyingine.

Na gari ikapona! Siku nne nzima, Molo Kisumu na kurudi, inavuta kama mpya. Nikaambia kila mtu nimeijua shida, ilikuwa mafuta.

Hapa ndipo nataka mtu asome polepole. Gari haikupona juu ya mafuta safi. Ilipona juu tanki ilikuwa imejaa. Mimi sikuona, fundi hakuona, na ile ndiyo ilikuwa jibu lote limewekwa mbele yetu. Kila mara inasita nilikuwa chini ya nusu tanki. Awasi siku ya kwanza, mshale ulikuwa karibu robo. Sachangwan, chini ya nusu. Na mimi ni mtu wa kuweka mafuta ya elfu mbili elfu tatu juu pesa iko kwa viazi, kwa hivyo mara nyingi niko chini. Kama ningekuwa na kidaftari tu kwa gari, naandika tarehe, mahali, mlima au tambarare, mzigo au bila, asubuhi baridi au mchana, mshale wa mafuta uko wapi, ningeona kwa wiki mbili. Nilikuja kuandika baada ya pesa kuisha.

Iliporudi, fundi akasema tuoshe ile valvu inarudisha moshi kwa injini, EGR, na kweli ilikuwa imejaa masizi kama chungu cha kuni, 3,500. Gari ikawa nyepesi kidogo asubuhi lakini mlimani ni yale yale. Sijutii hiyo sana, ilihitaji kuoshwa. Alafu tukaenda kwa valvu ndogo iko nyuma ya pampu, ile inapima mafuta ya kuingia, mafundi wanaiita SCV. Hiyo inajulikana sana kwa dizeli za reli, ikichakaa inakwama kwama na gari inasita hivyo hivyo, hata mngurumo wa injini gari ikiwa imesimama unapanda na kushuka. Spea 11,000, kazi 2,000. Haikubadilisha chochote. Niliuliza fundi umejuaje ni hiyo, akaniambia, mathe, hii ndiyo huwa. Nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, na kusema ukweli ukiwa mwanamke kwa gereji unaogopa kuuliza swali la pili usionekane hujui, na ni kweli nilikuwa sijui, lakini pesa ni zangu. Swali la pili ndilo lingeniokoa. Kabla hatujanunua, tutajuaje ni hii?

Alafu ikaja injekta. Huo ni mwezi wa tatu tangu shida ianze, nimeshapoteza wateja wawili Kibuye juu mara nyingine nafika saa nne viazi vya wengine vimeshanunuliwa. Nikaambiwa injekta zimechoka, zinarudisha mafuta mengi kuliko yanayoingia kwa injini, ndio presha inashuka. Ni kitu kinawezekana. Lakini kuna njia ya kupima na ni rahisi sana, unatoa vile vipaipu vya kurudisha mafuta kwa kila injekta unaweka kila moja kwa chupa yake, injini inanguruma dakika kadhaa, alafu unalinganisha chupa nne. Ile inajaa haraka kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Hakuna mtu alinipimia. Nilichukua pesa ya chama, elfu tisini, wanawake wenzangu walinipea zamu yangu mapema kwa kunionea huruma, nikaongeza nne, injekta nne zilizotengenezwa upya 22,000 kila moja, na 6,000 ya kazi. Na hata baada ya kuzifunga injini ikawa inagonga gonga, tukagundua kila injekta ina namba zake zimeandikwa kichwani na lazima ziingizwe kwa kompyuta, kwa hivyo tukarudi tena kwa mwenye mashine. Hiyo akanifanyia bure, Mungu ambariki.

Jumamosi ile nikapanda Sachangwan peke yangu kujaribu. Mshale uko robo. Ikasita pale pale.

Sikulia siku hiyo. Nilikaa tu ndani ya gari. Nilikuwa nafikiria vile nitaeleza wamama wa chama. Jumatatu gereji wakaniambia imebaki pampu kubwa, 65,000 ya mtumba kutoka Japani bila waranti, na nikasema hapana, mara ya kwanza nikasema hapana, si kwa sababu nilikuwa nimejua kitu, ni kwa sababu pesa haikuwepo.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja pale Ahero, anatengeneza trekta na mashine za kukoboa mchele, hata si fundi wa magari madogo. Nilikuwa nimesimama kwake kungoja mchele upakiwe, nikamwelezea tu kama vile mtu anaelezea shida zake. Akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Inasita ukiwa na mafuta kiasi gani? Asubuhi inawaka mara moja ama unaizungusha kwanza? Ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta, asubuhi ukiifinya ni ngumu ama ni laini? Nikamwambia mzee, ni laini kila asubuhi, fundi huipampu mara kumi ndio iwe ngumu, na mara nyingi lazima nizungushe starta sana. Akacheka kidogo akasema, mama, hiyo gari inakunywa hewa.

Akanieleza, na nataka nieleze vile nilielewa. Gari kama yangu haina pampu ya umeme ndani ya tanki. Ile pampu ya mbele kwa injini ndiyo inavuta mafuta kutoka kule nyuma mpaka mbele, kama mtoto anavuta soda kwa mrija. Sasa mrija ukiwa na katundu, soda haimwagiki nje, unavuta hewa tu. Ndio maana hakukuwa na tone la dizeli chini ya gari, na ndio maana kila fundi akiangalia chini anasema hakuna leki. Ikiwa imetulia inahitaji mafuta kidogo, hewa kidogo haisumbui. Ukikanyaga mlimani na mzigo, inavuta kwa nguvu, hewa inaingia kwa wingi, hewa haisukumiki kama mafuta, presha ya reli inaanguka, kompyuta inaona inajifunga. P0087.

Akatafuta jerikeni ya lita 20, akaiosha kwa dizeli, nikanunua lita kumi. Akachukua paipu ya plastiki ile unaona ndani, mita mbili tatu, akatoa ile ya kutoka tanki pale inaingia kwa filta, akaweka hii kutoka kwa jerikeni, jerikeni akaifunga kwa kamba pale nyuma kwa bodi isicheze, na ya kurudisha akaipeleka kwa jerikeni pia ili mafuta yasikauke haraka. Mbali na moto na mbali na ekzosi, na mafuta ni ya safari fupi tu. Vitu vyote, paipu na klipu mbili, shilingi 300. Tukapakia mchele wote 18. Kijana wake akaketi kando yangu na skana ndogo ya bluutuuthi kwa simu, inaonyesha presha inayoombwa na presha inayopatikana. Tukapanda kutoka Awasi.

Gari ilipanda. Sina njia ingine ya kusema. Nilikanyaga mpaka chini na ikaenda, zile namba mbili kwa simu zikawa zinatembea pamoja, kompyuta ikiomba presha ya megapaskali 130, hicho ni kipimo cha presha, inapata 129, 131. Tukageuza, tukarudisha paipu ya tanki, mshale uko robo, tukapanda tena mlima ule ule na mzigo ule ule, ikaomba 130 ikapata 80 na ikasita. Kwa saa moja na shilingi 300, ukiacha bei ya mafuta, pampu ilisafishwa jina, ile SCV ya zamani pengine ilikuwa nzima, na injekta zangu za zamani, ambazo niliacha gereji kama chuma chakavu, pengine zilikuwa nzima pia. Hiyo iliniuma kuliko kila kitu.

Kutafuta tundu lenyewe kulichukua siku iliyofuata. Mzee aliweka kipande cha ile paipu ya kuonekana kati ya tanki na filta, tukaona povu linapita, vidoti vidoti, ukikanyaga yanakuwa msururu. Akabadilisha paipu ya mpira kutoka tanki, bado povu. Kwa hivyo ni ndani. Wakashusha tanki, wakatoa kile kipaipu cha chuma kinashuka ndani ya mafuta, na pale katikati yake, pale mafuta yakifika nusu yanapoishia, kutu imekula mpaka kuna katundu sindano inaingia. Mafuta yakiwa juu ya katundu kanavuta mafuta, hakuna shida. Yakishuka chini yake kanavuta hewa. Nusu tanki. Ile kutu ya kwenye chupa ya plastiki ilitoka hapo.

Na kutu yenyewe nafikiri niliileta mimi. Kulaza gari Molo usiku na tanki karibu tupu, ile baridi ya kule inafanya hewa ya ndani ya tanki itoe maji, maji yanashuka chini ya dizeli yanakaa. Tena siku za haraka nilikuwa nanunua dizeli ya kwa mitungi barabarani. Siku hizi nikilala Molo najaza kabla, na ile skrubu ya kutoa maji chini ya filta naifungua kila mwezi, dakika tano, kikombe kimoja.

Kuchomelea kale katundu kwa shaba, paipu mpya ya mpira ya dizeli, klipu nne na kazi: 2,550.

Wakinipigia simu watu kuniuliza, kitu cha kwanza siwaambii ni kipaipu cha tanki, juu yako inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Yule mwalimu wa Njoro alikuwa na kusita kunafanana na kwangu lakini kwake hata tanki ikiwa imejaa inasita, na kuna moshi mweusi, na ukikanyaga unasikia kama mtu anapuliza. Tukaenda kwa fundi na hilo swali la pili. Fundi akapaka maji ya sabuni kwa mahosi ya turbo, mtu mwingine akawa anakanyaga, na povu likatokea kwa ile hosi kubwa inaenda kwa intakula, ile inapoza hewa ya turbo, imepasuka chini pale huwezi kuona bila kioo. Dakika arobaini. Hosi ya mtumba 3,200, na mwalimu alikuwa ameshaambiwa turbo imekufa. Alinilipia chai pale kwa gereji, akaondoka kwenda kusahihisha mitihani, na mimi nikapita Molo kuchukua viazi vya Alhamisi. Wamama wa chama bado wananidai, nimebakisha miezi mitano kumaliza kurudisha pesa yao.